Mbona hukukimbia? Mwongozo wa kuelewa kiwewe na kukituliza

"Mbona hukukimbia?" "Kwa nini hukupiga kelele?" Aliyevamiwa, aliyebakwa au aliyenusurika kwenye moto huulizwa maswali haya na mpelelezi, lakini mara nyingi zaidi huyasikia kwa mama yake, kwa mume, kwa rafiki wa kufa na kuzikana. Usiku, wote wakishalala, hujiuliza mwenyewe. Naanzia hapo kwa sababu asiyejua jibu la maswali hayo atamhudumia mgonjwa kwa nia njema kabisa huku akimtonesha kidonda.

Nawaandikia watu wawili: yule ambaye jambo limempata likamwachia kiwewe, yaani jeraha la nafsi, na hajielewi tena, na yule anayeishi naye. Hatua nimezipanga kwa mfuatano ninaouona unafaa, ila si ngazi ya kupandwa kidato kwa kidato. Kama unachohitaji ni kuvuka usiku wa leo, nenda moja kwa moja hatua ya nne, mengine utayasoma kukikucha. Na kama wazo la kujiua limeshaingia, anza na sehemu iitwayo "Wazo la kujiua likiingia", karibu na mwisho.

Hatua ya kwanza: jua mwili ulifanya nini

Ndani ya ubongo, upande wa kushoto na wa kulia, kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi iitwayo amigdala. Ni mlinzi wa zamu. Ikihisi hatari haingoji ushahidi: tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, kisha kotisoli, moyo hudunda mbio, pumzi hufupika, damu hukimbilia misuli mikubwa na tumbo huacha kusaga chakula. Wakati huohuo sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima mambo na kutafuta maneno, hupunguziwa nguvu, maana kutafakari kunakula muda na simba hangoji. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, aliueleza mwitikio huu mwaka 1915 kama matayarisho ya kupigana au kukimbia.

Lakini iko njia nyingine, nayo ni kuganda. Pale ambapo kupigana hakuwezekani na pa kukimbilia hapapo, mwili hukakamaa au hulegea, sauti hukauka kooni, na wengine hujiona kana kwamba wanatazama kutoka darini jambo linalompata mtu mwingine. Hakuna anayechagua kuganda. Uamuzi hupita mwilini kabla akili haijajua kwamba kulikuwa na la kuamua. Kwa hiyo jibu la "mbona hukukimbia" ni fupi: mwili wake uliona njia hiyo ndiyo itakayomwacha hai. Ukiondoka na sentensi moja tu katika mwongozo huu, ondoka na hiyo, kwa sababu nimeona aibu ya kuganda ikiwatesa watu kuliko tukio lenyewe.

Kumbukumbu nayo huvurugika. Kwa kawaida sehemu iitwayo hipokampasi husaidia kulipanga tukio: lilikuwa wapi, lini, lipi lilitangulia. Hofu ikizidi, kazi hiyo huharibika, huku harufu, sauti na picha zikichapwa kwa nguvu. Ndiyo maana mtu anaweza kukumbuka kifungo kilichokatika kwenye shati la mvamizi, asikumbuke mlango ulifunguliwa kabla au baada ya kelele. Maelezo yake yakibadilika kidogo, watu husema anadanganya. Mara nyingi hadanganyi, anaokota vipande.

Na kwa kuwa vipande hivyo havikupangwa na wakati wake, vikiguswa havirudi kama habari za zamani. Vinarudi kama jambo linalotokea sasa. Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hii huwa tunaitumia kumcheka mwoga. Mimi naiona kuwa maelezo sahihi ya kiwewe: mwili uliomjua nyoka vizuri mno, na ambao bado haujaambiwa kwa lugha unayoielewa kwamba huu ni unyasi. Sehemu kubwa ya tiba, ukiitazama kwa karibu, ni kuutafutia mwili lugha hiyo.

(Lugha nyingi za Ulaya zilichukua neno la Kigiriki lenye maana ya jeraha. Letu, kiwewe, lilikuwa tayari likimtaja mtu aliyevurugikiwa, asiyejua ashike lipi aache lipi. Nadhani letu linamwelezea mgonjwa vizuri zaidi.)

Hatua ya pili: hesabu majuma kabla ya kuupa ugonjwa jina

Siku za kwanza baada ya tukio zito, kutetemeka, kukosa usingizi, kulia bila sababu au kutoweza kulia kabisa, na kuliona tukio likijirudia kichwani ni mambo ya kutarajiwa. Si ugonjwa bado. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kiasi cha asilimia 70 ya watu hupatwa na angalau tukio moja la namna hii maishani, na kwamba ni takriban asilimia 5.6 tu ya hao wanaoishia kwenye ugonjwa kamili. Wengi hupona kwa vitu vya kawaida: usalama, usingizi, chakula kwa wakati, kazi ndogo za kila siku, na watu wasiowachosha kwa maswali.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza ni wa kuangalia. Dalili kali zinazodumu kati ya siku 3 na mwezi 1 zina jina lake kwa wataalamu, mwitikio mkali wa msongo, na zinastahili kuonwa na mhudumu wa afya iwapo mtu hawezi kula, kulala wala kujitunza. Zikipita mwezi mmoja na bado zinamvurugia kazi, masomo au ndoa, hapo tunazungumzia ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, ule unaojulikana kwa kifupi kama PTSD. Wapo pia ambao picha kamili hujitokeza baada ya miezi 6 au zaidi, pengine msiba umekwisha, kesi imeamuliwa, na kila mtu anadhani yamepita.

Jina lenyewe si la zamani. Liliingia rasmi katika orodha ya magonjwa ya Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani mwaka 1980. Kabla ya hapo yalikuwapo majina mengine, na adhabu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia daktari Charles Myers aliandika mwaka 1915 kuhusu askari waliopoteza kumbukumbu, kuona na kunusa baada ya makombora kulipuka karibu nao. Hata hivyo jeshi la Uingereza liliwapiga risasi mamia ya askari wake kwa makosa kama utoro na woga, na baadhi yao leo wanaaminika walikuwa wagonjwa. Mwaka 2006 serikali ya nchi hiyo iliwasamehe 306, miaka karibu 90 baada ya kuzikwa. Neno "jikaze" lina historia ndefu kuliko tunavyodhani.

Hatua ya tatu: zitambue dalili, hasa zile zisizopiga kelele

Wataalamu huzigawa dalili katika mafungu manne. La kwanza wengi wanalijua: tukio kurudi bila kuitwa, kwa jinamizi, kwa picha ya ghafla, au kwa mwili kutoka jasho na moyo kwenda mbio kabla hata mtu hajajua amekumbushwa nini. Jingine linalojulikana ni mwili kukaa macho muda wote: kushtuka mlango ukigongwa, kuchagua kiti kinachotazama mlango, hasira za ghafla, usingizi wa kukatikakatika.

Mafungu mawili yaliyobaki ndiyo hupotea machoni pa watu. Kuna kukwepa. Mtu anabadilisha njia, anaacha kutazama habari, anajitwisha kazi asubuhi hadi usiku ili akili isipate nafasi, na watu humsifu kwa bidii. Kukwepa kunaleta nafuu ya papo kwa papo na ndiyo hatari yake: kila unapokwepa, mwili unajifunza tena kwamba kitu kile kilikuwa hatari kweli. Kisha kuna mabadiliko ya fikra na hisia. "Ni kosa langu." "Hakuna wa kuaminika." Furaha haigusi, mapenzi ya mtoto wako mwenyewe unayaona kwa mbali kama kupitia kioo. Familia hulitafsiri hili kuwa kiburi au kuchokwa, na ndoa nyingi huumia hapa bila mtu kujua kwamba anayezungumza ni ugonjwa.

Kama tukio halikuwa moja bali lilidumu, mfano utoto wa kupigwa, miaka ya ndoa ya mateso, kifungo cha kuteswa, dalili huzidi hizo. Orodha mpya ya kimataifa ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inautambua huu kama ugonjwa wake, kiwewe changamani. Pamoja na dalili za kawaida, mtu hushindwa kuzituliza hisia zake, hujiona hana thamani kabisa, na hupata tabu kubwa kukaa karibu na watu. Mtu wa namna hii mara nyingi hasemi "nilipatwa na jambo". Husema "ndivyo nilivyo".

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998, uliohusisha watu wazima zaidi ya 9,500, ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia mateso ya aina nyingi zaidi utotoni, ndivyo uwezekano wa sonona, ulevi na hata maradhi ya moyo ulivyopanda. Unapousoma kumbuka kwamba unazungumzia makundi ya watu. Haukutabirii wewe.

Watoto wadogo hawatasema lolote katika haya. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena, hung'ang'ania nguo ya mzazi, hulalamika tumbo lisilo na ugonjwa, au hucheza mchezo uleule wa ajali mara ishirini bila kuonekana kufurahi.

Hatua ya nne: rudi leo, pale tukio linapokuvamia

Jifunze haya ukiwa umetulia, mara mbili kwa siku ikiwezekana, kwa sababu dhoruba ikianza hutakumbuka maelekezo marefu.

Usifumbe macho. Washauri wengi huanza na "fumba macho, vuta pumzi", na kwa mtu mwenye kiwewe giza la ndani ya kope ndiko picha ilikokaa. Fumbua. Kandamiza nyayo zote mbili sakafuni. Taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, kisha vinne unavyoweza kuvigusa na uviguse kweli, sauti tatu, harufu mbili, ladha moja. Taja tarehe ya leo, mahali ulipo, na umri ulio nao sasa. Umri una nguvu ya ajabu kwa aliyeumizwa utotoni: "Nina miaka 34" ni habari ambayo mwili wake haukuwa nayo sekunde moja iliyopita.

Kuhusu pumzi, kinachosaidia zaidi ni kuitoa. Vuta kwa hesabu ya nne, toa polepole kwa hesabu ya sita. Pumzi inapotoka, neva ya vegasi, inayounganisha ubongo na moyo, huupunguza mwendo wa moyo. Ukiitoa kwa muda mrefu zaidi unaipa nafasi ya kufanya kazi hiyo. Kama kufuatilia pumzi kunakuongezea hofu, na kwa wengine hasa waliowahi kukabwa ndivyo ilivyo, achana nako bila kujilaumu. Shika kitu cha baridi, nawa uso, tembea.

Baada ya hapo jiulize maswali mawili: nini kimefanana na siku ile, na nini kimetofautiana? Gari limefunga breki kwa kelele ileile, sawa. Lakini siku ile ilikuwa usiku, leo ni mchana. Siku ile nilikuwa ndani ya gari, leo nipo kando ya barabara. Siku ile mguu wangu ulikuwa umebanwa, sasa hivi nauchezesha. Uchezeshe kweli. Orodha ya tofauti ndiyo unayoitafuta, kwa sababu ndiyo inayoutenganisha unyasi na nyoka.

Hatua ya tano: chora ramani ya unyasi wako

Tafuta daftari dogo. Kila unaposhtuka, andika mistari michache tu: ulikuwa wapi, ulisikia au kunusa nini sekunde chache kabla, mwili ulifanya nini, na ile tofauti uliyoigundua. Usiandike hadithi ya tukio lenyewe. Hiyo ina wakati wake na msaidizi wake. Baada ya majuma mawili hivi utaanza kuona kwamba hushtuki "bila sababu" kama ulivyofikiri. Ni dawa ya kusafishia sakafu. Ni sauti ya mwanamume akicheka nyuma yako. Ni saa kumi na mbili jioni.

Ukishavijua vichochezi vyako, vipange kuanzia chepesi kabisa, na uanze kukikaribia hicho chepesi kwa makusudi, ukiwa na mtu, ukikaa hadi wasiwasi ushuke badala ya kukimbia ukiwa juu. Vile vizito mwachie mtaalamu akusindikize. Na kama hatari yenyewe bado ipo, yaani anayekupiga bado unalala naye nyumba moja, hatua hii haikuhusu kwa sasa. Hapo kengele ya mwili wako inasema kweli, na kazi ya kwanza ni kupata mahali salama.

Hatua ya sita: usiku, chupa na vidonge

Pombe humlaza mtu kisha huuvunja usingizi nusu ya pili ya usiku, na jinamizi hurudi na riba. Vidonge vya kutuliza vya jamii ya diazepamu navyo si rafiki: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unashauri visitolewe kutibu dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza, na vina sifa ya kumfanya mtu ashindwe kuviacha. Kama tayari unavitumia kila siku, usivikatishe ghafla. Mwone daktari akupunguzie taratibu. Kwa jinamizi linalojirudia kuna zoezi lisilo na gharama: mchana, andika ndoto hiyo ukiubadilisha mwisho wake utakavyo, kisha iigize kichwani dakika 10 kila siku ile mpya. Huonekana kama mchezo wa kitoto hadi mtu alale usiku mzima.

Hatua ya saba: chagua wa kumwambia, na kiasi gani

"Mficha maradhi kifo humuumbua." Methali hii wengi huitumia kama nyundo ya kumfungua mtu mdomo. Ni kweli kwamba ukimya wa miaka unaumiza. Lakini kumlazimisha mtu asimulie yote siku mbili baada ya tukio ni jambo lililopimwa na watafiti, na vikao hivyo vya mara moja havikuzuia ugonjwa. Baadhi ya watu walitoka wakiwa na hali mbaya zaidi. Huna deni la hadithi yako kwa mtu yeyote. Inatosha kusema: "Kuna jambo zito lilinipata. Sitalieleza leo. Ninachoomba ukae nami tu."

Wewe unayeombwa kukaa, kaa. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011 unajengwa juu ya maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia kama yuko salama na kama kuna anachohitaji mara moja, maji, nguo, simu ya kumpigia ndugu. Sikiliza anachosema bila kuchokonoa asichosema. Muunganishe na msaada. Kinachoharibu tunakijua sote kwa sababu tumewahi kukisema, nami nimo: "yamepita hayo", "wenzako wamepatwa na makubwa", "ungekuwa na imani usingekuwa hivi". Sala yake ni kimbilio lake na usimzuie; usiigeuze kuwa mtihani alioufeli. "Pole, nakusadiki, hukukosea" ni maneno matatu na yanafika mbali.

Nawe msaidizi, muuguzi, mpelelezi, mwandishi wa habari: kusikiliza mambo haya kila siku kunaweza kukuachia dalili zilezile. Ukianza kuota ndoto za watu wengine, zungumza na mtu.

Hatua ya nane: tafuta tiba yenyewe

Zipo tiba zilizothibitika. Zinazopendekezwa zaidi ni mazungumzo ya kitabibu yanayolenga kiwewe, ambapo mtu hulirudia tukio kidogo kidogo akiwa salama na kuzipima upya imani kama "ni kosa langu". Moja ya tiba hizo kwa kawaida huwa na vikao 12. Nyingine, iliyobuniwa na Francine Shapiro mwaka 1987, humtaka mtu alishike tukio akilini huku macho yakifuata mkono unaokwenda kushoto na kulia; wataalamu bado wanabishana kwa nini inafanya kazi, ila inafanya. Ipo pia ile inayoyapanga maisha yote ya mtu kama masimulizi kuanzia kuzaliwa, iliyojaribiwa sana kwa wakimbizi. Dawa kama setralini husaidia baadhi ya watu, hasa sonona ikiwa imeingia, nazo huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha kazi.

Unapomwona mtaalamu muulize bila haya: umewahi kutibu kiwewe? Unatumia njia gani? Vikao vingapi? Nikitaka tusimame katikati, tutasimama? Anayekasirishwa na maswali hayo umeshamjua. Anayekutaka usimulie kila kitu kikao cha kwanza bila kukufundisha namna ya kutulia, ana haraka yake mwenyewe. Jiandae pia kwamba vikao vya mwanzo vinaweza kuzidisha ndoto kwa muda. Wengi hukimbia hapo, mlango ukiwa karibu kufunguka.

Wazo la kujiua likiingia

Hili halingoji hatua. Ukilihofia kwa mwenzako, muulize waziwazi, kwa neno lenyewe. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa karibu naye vidonge, sumu, kamba na silaha, na mfikishe hospitali siku hiyohiyo. Likiwa ni lako, mwambie mtu mmoja sasa hivi, hata kwa maneno mawili.

Tarehe

Hata baada ya kupona, mwili huweka kalenda yake. Mwezi uleule ukirudi, usingizi hukatika siku kadhaa kabla mtu hajakumbuka kwa nini, naye huanza kuamini kwamba tiba ilikuwa bure. Iandike tarehe hiyo mapema mahali mnapoiona wote wawili. Siku hiyo usipange mkutano mgumu wala safari ya usiku, weka kazi ya mikono asubuhi na mtu wa kukaa naye jioni, na daftari lile liwe karibu. Kwa wengi kesho yake huwa siku ya kawaida.